Maoni kwenye blogu yako: namna ya kumzuia mhuni bila kumchosha msomaji

Kabla hujagusa mpangilio wowote, azima simu ya mtu. Isiwe ya mwenzako mnayeblogu naye, maana hiyo imeshaingia kwenye kila akaunti. Azima ya jirani, ya binamu aliyekuja Nairobi kutafuta kazi, ya mama mboga kama mnaaminiana. Iwe simu ya kawaida, kioo kina ufa, bando la siku moja. Fungua blogu yako humo, nenda chini ya makala yoyote, ujaribu kuandika maoni kama mtu asiyekujua kabisa. Weka kando ujanja wote unaoujua wewe mwenye blogu. Soma kila kinachotokea, na kwa kila hatua ujiulize kama mtu mwenye haraka zake angeendelea au angefunga ukurasa aende zake.

Mimi huandika kuhusu nyumba za kupanga hapa mjini: dipositi zisizorudishwa, maji ya Jumanne na Ijumaa, tokeni za stima, mikataba ya ukurasa mmoja isiyo na sahihi ya mwenye nyumba. Kwa mada kama hiyo, makala yangu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine huletwa na wasomaji. Nitaandika kwamba ploti (majengo ya kupanga) fulani za mtaa wa Pipeline zina shida ya maji, lakini msomaji anayelala huko ndiye anayejua kwamba shida ni tangi dogo juu ya paa, na kwamba wa ghorofa ya kwanza huwa haisikii. Jukwaa la blogu likimfanyia vitimbi mtu kama huyo, mimi hukereka kuliko likinifanyia mimi mwenyewe.

Basi yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye msimamo mmoja: kumkamata mhuni ni kazi yako na ya mashine yako. Ukimtwika msomaji kazi hiyo, yaani ajisajili, aingie, athibitishe kwamba si roboti, mwema ndiye anayeumia kwanza. Mhuni ana programu ya kumfanyia hayo yote, na ana siku nzima.

Sanduku linalomeza maneno

Kwa wengi, jaribio la simu ya kuazima huishia hapa. Umeandika aya nzima, umebonyeza kutuma, ukurasa unajipakia upya, na maneno hayapo. Hakuna ujumbe wa kosa. Yametumwa au yamepotea? Msomaji hajui, na hatarudia kuandika.

Kwenye Blogger, jukwaa la blogu la Google, kuna chanzo kimoja cha kawaida cha balaa hili, na dawa yake ni ya dakika moja. Sanduku la maoni likiwa limepachikwa chini ya makala, kivinjari huliona kama kitu cha tovuti nyingine kilichowekwa ndani ya yako: makala iko blogspot, sanduku linatoka Blogger, akaunti ya msomaji iko Google. Ili sanduku litambue kwamba msomaji ameshaingia kwenye akaunti yake, linahitaji vidakuzi (cookies, vijifaili vya kumkumbuka mtu) vya tovuti ya nje, na vivinjari kadhaa siku hizi huvikataa. Safari ya kwenye iPhone imevikataa vyote tangu 2020. Ndiyo maana mtu aliyeshinda ndani ya Gmail mchana kutwa huambiwa na sanduku aingie, akaingia, akaambiwa aingie tena.

Fungua mipangilio ya maoni, tafuta mahali pa kuchagua sanduku likae wapi, ulitoe kwenye hali ya kupachikwa, uliweke kwenye ukurasa kamili au dirisha ibukizi. Ukurasa kamili una sura mbaya, sibishi. Pia utapoteza ule mpango wa majibu kukaa chini ya maoni yanayojibiwa, kwa kuwa Blogger huutoa kwenye sanduku lililopachikwa peke yake. Mimi ningekubali hasara hiyo bila kufikiri mara mbili. Unapojibu, anza kwa jina la unayemjibu, "Mpangaji wa Zimmerman, swali lako la stima...", na mazungumzo yatafuatika.

WordPress.com, ambako blogu yako inakaa kwa kampuni yenyewe, ina lake. Mtu akijaza barua pepe ambayo zamani aliifungulia akaunti ya WordPress.com au Gravatar (huduma ya picha za wasifu), anaambiwa aingie kwanza kwenye akaunti hiyo, hata kama aliifungua akiwa chuoni na nenosiri alishalisahau. Kama hutaki wasomaji wako wakwame hapo, ondoa sharti la jina na barua pepe ili anayetaka aache nafasi hizo wazi. Ukiwa na WordPress uliyoiweka mwenyewe kwenye seva ya kukodi, fomu yake ya kawaida haina ukaidi huo.

Medium na Substack hazina mjadala: bila akaunti husemi neno. Kama wasomaji wako ni watu wa ofisini wanaoishi ndani ya barua pepe, haina neno. Kama ni watu wa bando la siku moja, umeshafunga mlango kabla hujaandika makala ya kwanza.

Nani aruhusiwe

Blogger hukupa ngazi tatu: yeyote hata asiye na jina, wenye akaunti ya Google, au wanachama wa blogu peke yao. WordPress ina kisanduku cha kulazimisha watu wajisajili. Chagua ile ngazi ya wazi kabisa, na kile kisanduku ukiache bila alama.

Najua utakachosema, kwamba nafungulia wezi. Subiri, wezi tutafika kwao. Kwanza mfikirie mtu anayetaka kueleza kwamba mwenye nyumba amemtolea mlango kwa sababu ya deni la mwezi mmoja. (Ndiyo, mlango wenyewe, na bawaba zake. Aliye mgeni Nairobi hadhani kwamba watu hufanya hivyo.) Mtu huyo hawezi kuandika akiwa na jina lake la Gmail na picha yake ya harusi pembeni, wakati msimamizi wa ploti naye ana simu na anasoma. Akilazimishwa, atanyamaza.

Ila "Asiyejulikana" wakiwa wengi chini ya makala moja, hakuna anayejua nani anamjibu nani. Waombe wasomaji wachague jina lolote na walitumie hilo hilo kila wanapokuja. Kwenye Blogger nafasi ya kufanya hivyo ni ile ya "Jina na URL", ambapo URL, yaani anwani ya tovuti, inaachwa tupu. Wengi hawaijui, kwa hiyo waelekeze kwenye ule ujumbe mfupi ambao Blogger inakuruhusu kuuandika juu ya sanduku. Wangu unasema hivi: "Karibu. Andika jina lolote, si lazima liwe lako, URL iache wazi. Maoni yako yataonekana nikishayasoma, kwa kawaida kabla ya jioni. Usiandike nambari ya simu ya mtu." Sentensi nne. Zimeniondolea maswali mengi kuliko ukurasa wowote wa masharti, na sijawahi kuona mtu anayesoma ukurasa wa masharti.

Kwenye WordPress, ukinilazimisha nichague mpangilio mmoja tu kwenye ukurasa mzima wa "Discussion", nitachagua ule unaodai mtu awe na maoni yaliyowahi kuidhinishwa. Mgeni unamsoma mara moja. Ukimkubali, kesho maneno yake yanatokea papo hapo. Kuna kitu hakijaandikwa hapo lakini ni muhimu: WordPress humtambua mtu kwa jina na barua pepe kwa pamoja. Asiyeacha barua pepe atasubiri foleni kila siku, hata awe msomaji wako wa miaka mitano. Sipendekezi umlazimishe kwa ajili hiyo. Mweleze tu kwamba akiiacha, safari ijayo hatangoja, na kwamba haitaonekana na wengine. Achague mwenyewe.

Foleni yenyewe isimamie kwenye simu. WordPress ina programu yake ya simu, na maoni mengi huidhinishwa kwa kugusa mara moja ukiwa ndani ya matatu iliyokwama Globe. Kinachoua mazungumzo ni kumwacha mtu aliyeandika asubuhi akionekana usiku wa kesho yake.

Wageni wasioalikwa, na wanavyozungumza

Taka za Kizungu ni rahisi. Viatu, dawa za nguvu za kiume, viungo ishirini kwenye ujumbe mmoja: kichujio chochote kinazishika. Akismet, kichujio cha taka cha blogu za WordPress, ambayo imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 2005, huzifagia bila wewe kujua, na blogu binafsi isiyo ya biashara inaweza kuitumia bila malipo. Ukishaweka matangazo, unatakiwa ulipe.

Zinazosumbua ni zile zinazoandikwa kwa mikono, na zina familia zake. Kuna ushuhuda wa mtu aliyekuwa maskini hadi alipojiunga na Illuminati, na sasa ana gari na anakukaribisha. Kuna mke aliyerudishiwa mume na mganga kwa saa chache. Kuna mikopo isiyo na dhamana. Kuna wakala wa nyumba anayejifanya mpangaji: "Mimi nilipata bedsita safi Kahawa West kupitia huyu kijana, ni mwaminifu sana." Na kuna ile tamu kuliko zote, "Makala nzuri, endelea hivyo, umenifungua macho," ambayo imeandikwa chini ya tangazo la kwamba umefunga blogu kwa wiki moja.

Angalia zinavyofanana. Nyingi hazina kiungo hata kimoja. Zina nambari ya WhatsApp au anwani ya barua pepe iliyopachikwa katikati ya ushuhuda. Mtego wa kawaida wa WordPress, unaosimamisha ujumbe wenye viungo viwili au zaidi, hautaziona. Ile ya kukusifu nayo ina kiungo, lakini kimefichwa nyuma ya jina la mwandishi, kwenye nafasi ya tovuti yake, na mtego huo hauhesabu hapo. Bonyeza jina ujionee: tovuti ya kamari. Tangu Januari 2005, Google ilipoleta alama ya nofollow ili viungo vya kwenye maoni visimpandishe mtu cheo kwenye utafutaji, faida ya ujanja huu imepungua sana. Hawajaacha. Iondoe kabisa nafasi ya tovuti kwenye fomu kama mandhari yako (muundo wa sura ya blogu) au plagini (programu ndogo ya nyongeza) inaruhusu. Msomaji wa kawaida hana tovuti ya kuweka.

Halafu tengeneza orodha ya maneno, neno moja kwa kila mstari. Yangu ina "illuminati", "wa.me", "whatsapp", "spell caster", majina ya kampuni za kamari, na vipande vya nambari za simu ambazo zimenirudia. WordPress ina orodha mbili, na tofauti yake ni kubwa: moja husimamisha ujumbe ili uusome, nyingine huutupa moja kwa moja kwenye pipa. Weka karibu kila kitu kwenye ile ya kusimamisha.

Sababu ni hii. Orodha hizo hulinganisha herufi, hazijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi, na Kiswahili ni lugha ya kuunganisha vipande. Kuna tusi moja la herufi nne ambalo kila mtu hapa analijua na ambalo ungependa lisionekane kwenye blogu yako. Liweke kwenye orodha ya pipa, na umemtupa kila anayeandika "kumaliza", "kumaanisha", "kumalizana". Kwenye blogu ya wapangaji hilo ni janga: "nilikuwa karibu kumaliza mkataba", "tulikubaliana kumalizana kwa dipositi". Usijaribu kuongeza nafasi tupu mbele na nyuma ya neno ili lisimame peke yake. WordPress huzikata nafasi hizo kabla ya kulinganisha. Tusi likae kwenye orodha ya kusimamisha, ulisome kwa macho yako, basi. Na kabla hujaongeza neno lolote fupi la herufi tatu au nne, litafute kwanza ndani ya maoni ya zamani uone lingewakamata akina nani.

Pekua pia folda ya taka, si ya kungojea peke yake. Akismet hufuta ilichokiweka humo baada ya siku 15, na kikishafutwa hakirudi. Kwenye jukwaa moja nililolitumia zamani nilikuwa nakuta humo watu wa kweli wakiandika Sheng safi, "keja iko poa but caretaker ni noma", wamelala kando ya mganga. Sijui kichujio kilidhani ni lugha gani.

Vizuizi ambavyo singeweka

Kapcha, yale majaribio ya kuthibitisha kwamba mtu si roboti. Zile za picha zilizaliwa na kukulia Marekani na bado hazijahama. Mzee wa Githurai anataka kuuliza kama dipositi ya maji hurudishwa, naye anaulizwa aonyeshe mabomba ya zimamoto, kisha vivuko vya waenda kwa miguu, kisha mabasi ya shule ya rangi ya manjano. Vivuko hapa kwetu vimefutika. Mabomba ya aina hiyo hajawahi kuyaona akipita. Kila picha inakula bando lake. Badala yake tafuta plagini ya mtego wa siri: huongeza kwenye fomu nafasi isiyoonekana na binadamu. Roboti hujaza kila nafasi inayoikuta, ikijaza hiyo, imejitaja. Msomaji hata hajui kuna mtego. Hiyo ndiyo aina ya ulinzi ninayoipenda, unafanya kazi nyuma ya pazia.

Kufungia anwani za IP, zile nambari za kutambulisha kifaa mtandaoni, nako usikimbilie. Ukiwa Ulaya na intaneti ya nyumbani, anwani moja inaweza kuwa familia moja. Hapa wengi huingia kwa simu, na mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, ambayo kesho itakuwa mikononi mwa watu wengine. Unamfungia mhuni wa Jumatatu, Jumanne umemzuia mwalimu wa Kitengela, na mhuni keshapewa anwani nyingine.

Kufunga maoni kwenye makala za zamani: WordPress ina mpangilio huo, na siku inazopendekeza ni 14. Kwa blogu ya habari sawa. Kwa makala ya namna ya kudai dipositi, anayeihitaji ataipata kwa kutafuta mwaka kesho kutwa, na swali lake ndilo litakaloiweka makala hai. Iache wazi, ila maoni ya makala za zamani yapite foleni. Blogger ina chaguo la kukagua maoni ya makala zilizozidi siku unazotaja, tumia hilo.

Ngazi za majibu, punguza. WordPress huja na tano, na kwenye kioo cha simu ngazi ya tano ni safu ya neno moja moja inayoshuka kama maji ya paipu. Mbili zinatosha.

Maneno yanapokuwa ya hatari

Hapa taka zimeisha, tunazungumzia watu. Na mwandishi wa Nairobi hahitaji kutafuta mfano mbali. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, watu walikuwa wakimpelekea Ory Okolloh taarifa za fujo za baada ya uchaguzi kupitia blogu yake, Kenyan Pundit, kwa maoni na barua pepe, hadi zikamzidi nguvu. Januari 2008 aliomba msaada wa mafundi wa kuziweka kwenye ramani, na ndipo Ushahidi, tovuti ya ramani hiyo, ilipozaliwa. Mwezi huo huo Mashada, jukwaa la majadiliano lililokuwa na Wakenya wengi kuliko mengine, lilifurika matusi ya kikabila kiasi kwamba wasimamizi wake walilifunga kwa muda. David Kobia aliyekuwa akiiendesha Mashada ndiye huyo huyo aliyesaidia kuijenga Ushahidi. Sanduku ni lile lile, watu ni wale wale, na siku ni zile zile.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitungwa mwaka huo huo wa 2008, na kifungu chake cha 13 kinataja faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Kinagusa anayetamka na pia anayechapisha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ikafuata mwaka 2018. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda kortini kikapata vifungu kadhaa visimamishwe, lakini Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi. Mimi si wakili. Ninachofanya ni hiki: maoni yakitaja kabila kama sababu ya jambo, "hao watu ndio walivyo", hayapiti. Siulizi nia ya mwandishi wala sibishani naye hadharani. Kipindi cha uchaguzi naondoa hata ruhusa ya wale wa zamani, kila neno linapita mkononi mwangu.

Kwenye mada yangu, hatari ya kila siku ni ndogo zaidi na ya kuudhi zaidi: majina. "Mwenye ploti ni fulani, simu yake ni hii, mpigieni." Mpangaji ana uchungu na namwelewa. Lakini mimi sina njia ya kujua kama huyo fulani ndiye mwenye ploti, au ni shemeji waliyegombana. Kwenye WordPress unaweza kuhariri maoni ya mtu: mimi hutoa jina na nambari, na mahali pake naandika "[jina limeondolewa na mwenye blogu]" ili kila mtu aone kwamba mkono wangu umepita hapo. Sibadilishi neno jingine lolote, hata herufi iliyokosewa. Blogger hairuhusu kuhariri. Ama unaidhinisha yalivyo ama unafuta. Nikiwa huko, nanakili maneno, nayaweka kama maoni yangu mwenyewe yanayoanza na "Msomaji anasema:", kisha nafuta yale ya awali. Ni kazi ya kuchosha na jukwaa lingeweza kuimaliza kwa kitufe kimoja.

Kumbuka pia unachokihifadhi bila kuonekana. WordPress huweka jina, barua pepe na anwani ya IP ya kila aliyeandika, na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hizo ni data binafsi za mtu. Akikuomba ufute, futa. Tangu Mei 2018 WordPress ina vifaa vya kutoa na kufuta data ya mtu mmoja kwa barua pepe yake, viko chini ya zana.

Maoni ni mali, yawekee nakala

Aprili 2019 Google+ ilifungwa. Blogu za Blogger zilizokuwa zimechagua kutumia maoni ya Google+ badala ya yale ya kawaida ziliyapoteza yote; makala zilibaki, sauti za watu zikaondoka. Ndiyo sababu yangu ya kutopenda huduma za nje za maoni, hata zile zinazofanya kazi vizuri. Zinakuja na mzigo wake wa skripti, ambao mwenye bando ndiye anayeulipia, na za bure mara nyingi huja na matangazo usiyoyachagua. Na siku zikifungwa, huna la kudai.

Blogger ina kitufe cha kuhifadhi nakala ya maudhui, WordPress ina zana ya kuhamisha; zote hutoa faili la XML lenye makala na maoni ndani yake. Lishushe kila mwezi, uliweke kwenye barua pepe yako na kwenye flashi. Lifungue mara moja moja utafute maneno ya msomaji mmoja unayemkumbuka. Yakipatikana, nakala ni nzima.

Wanaoandika kwingine

Pamoja na yote hayo, wengi hawatagusa sanduku lako. Watasoma makala, kisha watakuandikia WhatsApp: "Dada, pole kwa usumbufu, hapo kwa dipositi umesahau kitu." Na kitu chenyewe kinakuwa dhahabu. Ndivyo nilivyoletewa ile habari kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, yaani karibu nyumba yoyote tunayoibishania kwenye blogu iko nje yake. Mwenye kuijua hakutaka kuonekana.

Ujumbe kama huo usiufungie kwenye simu. Mwulize: "Naweza kuuweka chini ya makala? Nikuite nani?" Wengi hukubali wakishajua jina watachagua wao. Uweke kama maoni, kwa jina alilotaja, ukiandika mwanzoni kwamba umetumwa kwa WhatsApp. Usipachike picha ya ujumbe wenyewe, kwa kuwa nambari yake na saa aliyotuma huonekana, na msimamizi wa ploti atahesabu ni nani alikuwa macho saa hiyo.

Kwa mlango huo tafuta laini tofauti na ile ya M-Pesa yako, maana ukimtumia mtu pesa au akikutumia, jina lako linatokea. Na kabla hujaichapisha nambari, ingia kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp, sehemu ya makundi, uweke kwamba walio kwenye orodha yako ya majina peke yao ndio wanaoweza kukuingiza. Mawakala wa nyumba wakiipata kabla hujafanya hivyo, utaamka uko kwenye makundi ya bedsita za Ruaka hadi Rongai.